Kwa nini tamthilia ya nyimbo huchukua miaka kuiva

WAPENZI wa maigizo jijini Nairobi, kuanzia Spring Valley hadi Eastlands, hutofautiana kuhusu kazi za mwanamuziki Eric Wainaina na mtayarishaji Sheba Hirst. Kuna wanaotaka Mo Faya irejeshwe jukwaani na wanaodai hadithi mpya.

Mo Faya, iliyoonyeshwa New York mnamo 2009, inamhusu Lwanda, mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda unaomezewa mate na bwenyenye wa ardhi. Jina lake linatokana na Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lakini kivuli chake kikamponza.

Waama, wimbo wa redio hujitosheleza, ilhali wa jukwaani sharti usukume kisa mbele. Ukiondolewa na kisa kisitetereke, haufai. Ndiposa nyimbo huandikwa, hujaribiwa na kufutwa mara nyingi, huku waigizaji na wapiga ala wakihitaji malipo.

Wawili hao baadaye walishiriki kuanzisha Nairobi Musical Theatre Initiative, mpango wa kuwanoa watunzi chipukizi. Bila ukumbi na fedha za majaribio, hadithi mpya zinazodaiwa na mashabiki zitasalia daftarini.