Kilomita kwa Lita: Takwimu ya Maabara na Matumizi Halisi ya Mafuta

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa Afrika Mashariki hutoka Japani, na matangazo yake mara nyingi hutaja takwimu ya kuvutia: kilomita 20 kwa lita, 24, hata zaidi ya 30 kwa gari la mseto. Mnunuzi anayepanga bajeti yake kwa takwimu hiyo, hasa aliyekopa ili gari lifanye kazi ya teksi, huweza kujikuta mafuta yanakula fedha alizotenga kwa marejesho ya mkopo. Si lazima awe ametapeliwa. Takwimu ilipatikana kwa njia halali, lakini katika mazingira ambayo gari lake halitayaona tena.

Kipimo rasmi hakifanywi barabarani. Gari huingizwa maabara, magurudumu yake yakawekwa juu ya rola za chuma zinazozunguka papo hapo, na dereva hufuata mchoro wa mwendo kwenye skrini: aongeze, apunguze, asimame, aondoke. Uzito wa gari na ukinzani wa upepo huigwa na mashine. Kiyoyozi huwa kimezimwa. Hakuna mlima, tope wala matuta. Hakuna abiria watano na magunia mawili nyuma, wala foleni ya saa nzima chini ya jua la mchana.

Tena, kipimo chenyewe kimebadilika. Kile cha zamani, kiitwacho 10-15, kilianza mwaka 1991. Mwendo wake haukuzidi kilomita 70 kwa saa, na injini ilipimwa ikiwa imekwisha kupata moto. Kilichofuata, JC08, kilifikia takriban kilomita 82 kwa saa, na sehemu ya upimaji ilianza injini ikiwa baridi. Tangu 2017 kimeingia WLTC, ambacho pamoja na takwimu ya jumla hutoa nyingine tatu: ya mjini, ya pembezoni mwa mji na ya barabara kuu. Kwa kawaida, kadiri kipimo kinavyokaribia hali ya barabara, ndivyo takwimu ya gari lilelile inavyopungua.

Kwa hiyo muulize muuzaji takwimu yake imetokana na kipimo kipi. Gari la kilomita 20 kwa kipimo cha 10-15 huenda likanywa mafuta kuliko la kilomita 18 kwa WLTC. Asiyeweza kujibu swali hilo hana cha kukulinganishia. Magari yaliyopimwa kwa kipimo kimoja, hata hivyo, hulinganishika vizuri, na hapo ndipo takwimu rasmi inapomfaa mnunuzi.

Kwa bajeti, hesabu kwa tahadhari. Anayesafiri kilomita 1,000 kwa mwezi akitegemea kilomita 24 kwa lita atatenga fedha za lita 42 hivi. Gari likimpa 16 tu, atahitaji lita 62 na nusu.

Matumizi halisi ya gari lako unaweza kuyapima mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ijizime, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida mpaka tangi likaribie robo, urudi kujaza kwenye pampu ileile, nayo ijizime vilevile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia: kilomita 412 kwa lita 31.5 ni 13.1 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa sababu tangi moja hudanganya. Takwimu inayoonyeshwa na dashibodi yenyewe ni makadirio ya kompyuta ya gari. Iamini baada ya kuilinganisha na hesabu yako.

Gari kushindwa kufikia takwimu ya tangazo, peke yake, si ushahidi wa ubovu, na dai linaloegemea hilo tu ni dhaifu. Muuzaji akikuahidi matumizi fulani ya mjini, mwombe ayaandike kwenye mkataba. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko: gari lililozoea 13 likishuka hadi 10 bila safari wala mzigo kubadilika. Anza na upepo wa matairi, ambao kuupima hakuchukui dakika kumi, kisha kichujio cha hewa, plagi, na breki zinazong'ang'ania. Mpelekee fundi daftari lako la kilomita na lita. Litamwonyesha tatizo lilianza lini.