Hasira ya Usukani katika Foleni ya Tunduma

Mji wa Tunduma, uliopo mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, ndipo inapoishia barabara kuu ya TANZAM kwa upande wa Tanzania, na malori yatokayo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na kwenye migodi ya shaba ya Katanga, nchini Kongo, hupita hapo kwa wingi mchana na usiku. Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kiliunganisha taratibu za nchi mbili mahali pamoja ili kupunguza muda wa kuvuka. Hata hivyo, malori yanapozidi uwezo wa kituo, foleni hurefuka kuelekea eneo la Mpemba, na humo ndimo uvumilivu wa dereva hupimwa.

Kinachomchosha dereva si urefu wa kungoja peke yake. David Maister, mtafiti wa masuala ya huduma, alieleza mwaka 1985 kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake, kusikotolewa sababu na kunakoonekana kuwa na upendeleo huhisiwa kuwa kurefu kuliko kulivyo kwa saa. Foleni ya mpakani inaweza kuwa na mambo yote matatu kwa pamoja, kwa kuwa aliye nyuma haoni lango, haambiwi kwa nini msafara umesimama, na mara anaona semi ikitoka pembeni na kuchomekea mbele yake.

Wakati huo amigdala, yaani sehemu ndogo ndani ya ubongo inayotambua tishio, huamsha mwili kabla fikra haijapima jambo: homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na uangalifu wote humwelekea mkosaji. Gamba la mbele la ubongo, ambalo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia pupa, huchelewa kidogo kushika hatamu, na katika mwanya huo ndipo mkono unapogandamiza honi. Hasira hiyo huchochewa na tafsiri kuliko tendo lenyewe. Mwanasaikolojia Lee Ross aliita mwaka 1977 kosa la msingi la kuhukumu chanzo ile tabia ya mtu kueleza kosa la mwenzake kwa ubaya wa moyo wake, huku akipuuza mazingira yaliyomsukuma. Hivyo aliyechomekea huitwa mshenzi bila kuulizwa kama ameelekezwa na askari au breki zake zimepungua upepo.

Wengi huamini kwamba kupiga honi na kutukana hutoa hasira kifuani ikaisha. Utafiti wa Brad Bushman uliochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani ulionyesha kinyume chake, kwani watu waliochokozwa kisha wakapiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria mchokozi walibaki na hasira na ukali zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Jambo hili lina uzito mkubwa Songwe, kwa sababu dereva anayevuka mpaka kurudi Dar es Salaam akiwa bado na hasira hiyo atashuka mteremko wa Senjele, na gari lenye tani 56, ambazo ndizo kikomo cha uzito katika barabara za Afrika Mashariki, likienda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1995, uligundua kwamba madereva wa magari yenye paa la kukunjwa waliofunga paa walipiga honi mapema na kwa muda mrefu zaidi kuliko waliolifungua, maana asiyeonekana uso hajioni akiwajibika. Madereva wa malori ya TANZAM wamepata dawa ya kutoonekana huko bila maabara. Dereva wa semi anayepanda mlima polepole huwasha indiketa ya kushoto kumjulisha aliye nyuma kwamba mbele ni salama kupita, huwasha ya kulia kumzuia, na aliyepita hushukuru kwa honi fupi. Na ingawa ishara hiyo haimwondolei anayeovateki wajibu wa kutazama mwenyewe, inamfanya aliye ndani ya kabini kuwa mtu anayezungumza na mtu. Ni ustaarabu wa hali ya juu, nao unastahili kuheshimiwa kama elimu.

Lakini ni dhuluma kumdai dereva subira yote peke yake. Wasimamizi wa mpaka na askari wa usalama barabarani wanapaswa kumweleza aliye mwisho wa foleni kwa nini imesimama na itasogea lini, na kuwarudisha nyuma wanaochomekea bila kutazama jina la kampuni lililoandikwa kwenye turubai. Naye dereva aliyekwisha kuudhika ashuke, anyooshe miguu, amsalimu jirani yake wa mbele, na asiwashe injini kabla pumzi yake haijatulia.