Kompyuta ni mpya kwako, lakini je, diski yake?

Bonasi ya majani chai inapolipwa mwezi wa Oktoba, wazazi wengi wa Kisii na Nyamira huwa wamekwisha kuigawa kichwani kabla haijafika mkononi. Kwanza karo, kisha godoro na sanduku, halafu kompyuta ya mtoto aliyeitwa chuoni. Kifaa hicho hakihesabiwi tena kuwa anasa. Nafasi ya chuo huombwa KUCCPS kwa mtandao, mkopo wa HELB vilevile, na mhadhiri anataka kazi iliyopigwa chapa. Anayekosa mashine hulazimika kupiga foleni kwenye saiba na kulipa kila mara.

Basi kompyuta inanunuliwa, na siku hiyo hiyo mwenye duka anauliza: "Tukufomatie?" Mzazi anaitikia kwa kichwa, maana hataki kuonekana mshamba.

Msomaji, ngoja kwanza. Swali hilo dogo linahusu jambo kubwa. Kufomati ni kufuta diski yote ya kompyuta, kisha kutia upya mfumo wa kuiendesha, yaani Windows au mwenziwe. Ikifanywa vizuri, unapata mashine safi. Ikifanywa ovyo, unaweza kuondoka dukani umepoteza kitu ulichokwisha kukilipia, na usijue hata baada ya miaka miwili.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe, "mpya". Katika maduka yetu neno hili limebeba mizigo mitatu tofauti.

Kuna ile mpya ya kiwandani, ndani ya katoni, iliyokuja na Windows halali. Leseni yake umekwisha kuilipia ndani ya bei. Tangu wakati wa Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi huificha namba ya leseni ndani ya ubao wa mashine yenyewe, si kwenye karatasi. Maana yake ni kwamba hata ukifuta diski nzima na kutia upya toleo lilelile, Windows itaitambua mashine na kujiidhinisha yenyewe ikipata intaneti. Hapa ndipo fundi asiye makini huwaumiza watu. Anafuta Windows Home halali ya mteja na kutia Windows Pro ya kuibia, eti "Pro ni kubwa zaidi". Mteja alikuwa na mali halali, sasa anarudi nyumbani na bidhaa ya magendo.

Ya pili ni mpya pia, katoni imefungwa, bei imepungua kidogo. Ukiiwasha unaona skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Haijaharibika. Imekuja na FreeDOS, mfumo wa bure ulioanza mwaka 1994 ambao kwa mwanafunzi wa leo hausaidii sana. Upungufu ule wa bei ndio leseni ya Windows ambayo hukununua. Hii ni lazima itiwe mfumo, hakuna njia nyingine, na hapo utaamua kununua leseni au kutumia mfumo wa bure ambao nitaueleza mbele.

Ya tatu ndiyo nyingi zaidi: mtumba uliotoka ng'ambo, ile tunayoiita "ex-UK" hata kama ilitoka Ujerumani au Dubai. Ilifanya kazi katika ofisi fulani miaka minne au mitano, ikasafishwa, ikapandishwa meli, ikapitia Nairobi, kisha ikasafiri karibu kilomita 300 ndani ya matatu mpaka Kisii au Keroka. Ni mpya kwako wewe tu. Sina neno na mitumba. Mashine ya ofisi iliyotunzwa yaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini hujui nani aligusa diski yake, wala alitia nini. Huenda mna programu ya kunasa maneno ya siri unapoyaandika. Fikiria mtoto anayeingiza humo namba za akaunti ya HELB na za KRA! Mashine ya namna hii mimi ningeifuta siku ya kwanza, hata kama inaonekana inang'aa.

Sasa, kufuta ni nini hasa? Wengi hudhani kufomati kunateketeza kila kitu. Si kweli. Nenda kituo chochote cha kununulia majani chai umwangalie karani. Tuseme anachana ukurasa wa daftari wenye majina na kilo. Majani yenyewe bado yako ndani ya magunia, ila hakuna tena anayejua gunia lipi ni la nani. Fomati ya haraka hufanya vivyo hivyo: huondoa daftari na kuiacha mizigo mpaka iandikwe juu yake. Ndiyo maana mtu mwenye programu ya kufufua faili anaweza kutoa picha kutoka diski "iliyofutwa". Fomati kamili ni tofauti. Tangu Windows Vista, hiyo hupita diski yote ikiandika sifuri, na katika diski ile ya kuzunguka yaweza kuchukua saa kadhaa.

Kwa mnunuzi, fomati ya haraka inatosha. Kwa muuzaji haitoshi hata kidogo. Ukiamua kumuuzia jirani kompyuta ya zamani, tumia chaguo la Windows la kuirudisha mashine upya, kisha uchague iondoe kila kitu na kuisafisha diski. Picha za familia na barua za mkopo si vitu vya kumwachia mgeni.

Kabla hujafuta chochote, kagua mambo mawili. La kwanza ni leseni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha kidogo. Kikisema idhini ni ya kudumu, hiyo ni dalili njema, ingawa wajanja wana njia za kuidanganya hata hapo. Kikikuonyesha tarehe ya kwisha, na kompyuta si ya kampuni wala chuo, shuku. Idhini za namna hiyo ni za mashirika makubwa na hudumu siku 180 kabla ya kuhuishwa. Wanaoiba Windows hupenda sana kuuigiza mlango huo.

La pili ni umri wa mashine, na hili ungelitazama ukiwa bado na pesa mfukoni. Windows 10, ambayo imejaa kwenye mitumba, iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti: kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji kisicho cha zamani mno. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu, kile kilichoanza kutoka mwaka 2017. Tazama kibandiko au ukurasa wa maelezo ya mashine. Ukiona i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi, na haifiki. i5-8250U inafika. i5-10210U ni kizazi cha 10. Fundi anaweza kuipitisha Windows 11 kwa mlango wa nyuma kwenye mashine ya kizazi cha 4, na itawaka, lakini Microsoft haiahidi kuwa itaendelea kupata marekebisho. Muuzaji akikwambia "hii ni Windows 11 safi", muulize kichakataji ni kizazi gani. Utaona anavyokutazama.

Tukifika kwenye kazi yenyewe, sitaki uogope. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, maana nayo itafutwa. Kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti ya kutosha, pakua chombo cha kutengenezea flashi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, bila malipo. Hii ndiyo tofauti kati ya Windows safi na ile iliyomo kwenye flashi ya fundi ambayo imepita mashine mia. Ukiwa hapo, ingia pia tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, upakue draiva ya waifai na ya diski, uziweke kwenye flashi ya pili. Nitakwambia kwa nini.

Ziweke nakala za faili zako mahali pengine. Kama mashine imekwisha kutumika wiki kadhaa, hakikisha pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Windows 11 za karibuni huifunga zenyewe mara nyingi unapojiunga kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake huwekwa ndani ya akaunti hiyo. Andika ufunguo kwenye karatasi, maana mashine ikigoma katikati, diski iliyofungwa haifunguki kwa machozi.

Halafu, tafadhali, tazama mawinguni. Hili halimo kwenye vitabu vya ng'ambo, lakini ninyi wa Gusii mnalijua kuliko mimi. Unyevu wa Ziwa Victoria ukipanda milimani, mvua hunyesha alasiri, na radi za huku si za kuchezewa. Anza kazi asubuhi. Umeme ukikatika wakati Windows inatiwa, si msiba, utaanza upya tu. Lakini betri za mitumba nyingi zimekufa, kwa hiyo mashine itazimika papo hapo. Kitu kisichosamehe ni kuhuisha bayosi, ile programu ndogo iliyo ndani ya ubao. Umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, mashine yaweza isiwake tena. Hilo usilifanye mvua inapokaribia, wala betri isiposhika chaji. Na ngurumo zikianza, chomoa waya ukutani. Usitegemee kizibo cha kuzuia mshtuko.

Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa HP ni F9, kwa Dell na Lenovo ni F12. Chagua flashi. Utaulizwa namba ya leseni: sema huna, kisha chagua toleo lilelile mashine ilikokuja nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ukikosea hapa, leseni iliyomo kwenye ubao haitakusaidia.

Kisha utaonyeshwa orodha ya diski na sehemu zake. Hapa nenda polepole. Ondoa diski zote za nje, usije ukafuta za ndugu yako. Futa sehemu za diski ya mashine mpaka ibaki nafasi tupu moja, uichague hiyo, uendelee. Jua kwamba kwa kufanya hivyo unaifuta pia ile sehemu ya kiwanda ya kuirudisha mashine kama ilivyokuja. Kwa mashine mpya ya katoni isiyo na kasoro, mimi nisingefika hapa. Ningeondoa tu zile programu za majaribio zinazojaza skrini, basi.

Wengine hufika hapa wakakuta orodha haina diski yoyote. Wanapiga kelele kwamba diski imekufa, na kuna fundi atakayekubali haraka akuuzie nyingine. Katika kompyuta nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, kisakinishi hakiioni diski mpaka kipewe draiva. Ndiyo ile uliyoiweka kwenye flashi ya pili. Na draiva ya waifai nayo ni kwa sababu Windows 11 hutaka intaneti mwishoni, huku ikiwa bado haijui kuitumia waifai ya mashine yako. Mtu aliye Kebirigo bila draiva hiyo atapanda matatu hadi saiba kwa ajili ya faili dogo.

Na yule mwenye FreeDOS, au mwenye mtumba wa kizazi cha 4? Kwake kuna Ubuntu, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni "utu" wetu, na msomaji wa Kigusii atausikia undugu wake na omonto. Unapakuliwa bure, unatiwa kwa flashi kwa njia ile ile, na unakuja na LibreOffice inayofungua kazi nyingi za Word. Zile toleo za muda mrefu, kama la Aprili 2024, hupata marekebisho miaka mitano. Kwa GB 4 za kumbukumbu unaweza kuanza, ingawa mashine dhaifu itapumua vizuri zaidi na Linux Mint. Ubaya wake? Programu kadhaa za wahasibu na wachoraji wa ramani za nyumba hazimo. Muulize mtoto anasomea nini kabla hujaamua. Na unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, uone kama waifai, sauti na kamera vinaitikia.

Kazi ikiisha, unganisha intaneti, ruhusu marekebisho yote yashuke, kisha rudia ile slmgr /xpr. Kama umempa fundi aifanye, mwombe aifanye mbele yako, akuandikie kwenye risiti toleo alilotia, na akurudishie mashine ikiwa imewashwa. Ile flashi usimpe mtu akaijaza nyimbo. Iandike jina la mashine, uiweke pamoja na risiti, hati ya shamba na vyeti vya watoto.