Kupandikiza Shahamu Usoni Baada ya Jeraha: Kazi Yake, Mipaka Yake na Wakati Wake

Mtu aliyeanguka na pikipiki katika barabara ya Singida kwenda Dodoma, au aliyepigwa teke na ng'ombe zizini, anaweza kuruhusiwa kutoka hospitali akiwa amepona: mfupa umeunga, ngozi imefunga, maumivu yamekwisha. Hata hivyo shavu lake limebaki na shimo, panja limebonyea, au kovu limeshikamana na mfupa kiasi kwamba kila anapocheka uso huvutwa upande mmoja. Wengi huambiwa washukuru kwa kuwa hai, na shauri likaishia hapo. Mgonjwa huanza kufunika uso kwa kanga au kofia, huacha kwenda mnadani, na wengine huacha hata kazi. Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kurekebisha hali hiyo, nayo ni kupandikiza shahamu. Yanaonyesha pia kwamba matokeo ya upasuaji huo huanza kuamuliwa siku ile ile ya jeraha, katika zahanati, miezi mingi kabla mgonjwa hajaonana na daktari bingwa.

Shahamu si mafuta ya chupa

Mkoani Singida neno mafuta humkumbusha mtu alizeti kwanza. Kwa hiyo yafaa kubainisha mapema kwamba kinachopandikizwa si mafuta ya kumiminika. Shahamu ni nyama laini ya manjano iliyo chini ya ngozi, yenye seli hai zinazohitaji damu na hewa kama seli nyingine zote za mwili. Hutolewa tumboni au mapajani mwa mgonjwa mwenyewe na kupandwa mahali palipopungua. Ndugu hawezi kumtolea ndugu yake, kwa kuwa mwili huikataa nyama ya mtu mwingine. Kwa kuwa ni ya mgonjwa mwenyewe, shahamu haikataliwi, haihitaji kununuliwa kiwandani, na ikishashika huendelea kuishi pamoja na mwili.

Wagonjwa wembamba huuliza kama wanayo ya kutosha. Kwa kawaida wanayo. Shimo la shavu huhitaji mililita chache tu, pengine 5 hadi 20, na kijiko cha chai hubeba mililita 5.

Kwa nini uso hubonyea

Kabla ya kuzungumzia tiba, sharti ijulikane sababu ya shimo, kwani si kila shimo hujazwa kwa shahamu. Sababu ya kwanza ni mfupa. Mfupa wa shavu uliovunjika na kusukumwa ndani ukiachwa bila kurudishwa, huunga ukiwa hapo hapo ulipo. Vivyo hivyo, sakafu ya tundu la jicho ikivunjika, jicho huweza kuzama. Sababu ya pili ni kufa kwa shahamu iliyokuwapo, kutokana na kupondwa au usaha. Ya tatu ni kunywea kwa msuli, hasa ule wa panja. Ya nne ni kovu lililoshikamana na tabaka za chini.

Shahamu hutibu vizuri sababu ya pili, ya tatu na ya nne. Haishiki nafasi ya mfupa. Aliye na mfupa uliopinda, meno yasiyokutana au anayeona vitu viwili viwili, huhitaji kwanza daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Kuweka shahamu juu ya mfupa uliokaa vibaya ni sawa na kupiga lipu ukuta ulioinama: ufa utafichika, lakini ukuta haujanyooka.

Njia yenye umri mrefu

Wazo hili si geni. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Gustav Neuber alihamisha vipande vidogo vya shahamu kutoka mkononi ili kujaza kovu lililozama usoni. Aliona kwamba vipande vidogo hudumu na vikubwa hupotea, na kanuni hiyo ndiyo inayotawala hadi leo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies alijenga nchini Uingereza taaluma nzima ya kurekebisha nyuso za askari walioumia. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliiendeleza kwa marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili.

Historia hiyo inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. McIndoe, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, walianzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa Amref, baada ya kuipanga chini ya mlima Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wapasuaji rekebishi. Walitambua kwamba aliye mbali na mji hunyimwa upasuaji kwa sababu ya umbali tu, na hoja hiyo haijazeeka.

Namna ya sasa ya kupandikiza shahamu ilitengenezwa zaidi na Sydney Coleman wa New York kuanzia miaka ya 1980. Alisisitiza kuivuta shahamu kwa upole, kuisafisha, na kuipanda kwa matone madogo mno.

Namna kazi inavyofanyika

Mgonjwa huchomwa ganzi au hulazwa kwa dawa ya usingizi, kutegemea ukubwa wa kazi. Mahali pa kutolea shahamu huingizwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na lignokeni na adrenalini ili kupunguza maumivu na damu. Kupitia tundu la milimita chache, daktari huingiza mrija mwembamba wa chuma wenye ncha butu, akavuta shahamu kwa bomba la sindano la mkono. Nguvu kubwa ya kuvuta hupasua seli.

Shahamu iliyovutwa husafishwa kwa kuchujwa, kuachwa itulie, au kuzungushwa katika mashine kwa dakika chache. Hujitenga tabaka tatu: juu mafuta yaliyotoka katika seli zilizopasuka, katikati shahamu hai, na chini damu na maji. Ya katikati peke yake ndiyo hutumika.

Kisha hupandwa usoni kwa bomba dogo la mililita 1. Kila mrija unaporudishwa nyuma huacha tone dogo, na mstari mwingine hupita kando yake, katika tabaka tofauti za nyama. Mkulima wa vitunguu anaielewa hatua hii bila maelezo mengi. Miche ikitolewa kitaluni na kupandwa mmoja mmoja kwa nafasi, kila mche hupata udongo na maji yake. Ikirundikwa katika shimo moja, ya katikati hunyauka. Katika siku za mwanzo tone la shahamu halina mshipa wa damu, bali hunywa kutoka katika nyama inayolizunguka. Seli za ukingoni huishi, na zilizo ndani sana hufa kabla mishipa mipya haijazifikia. Ndiyo maana kazi ya shavu moja huweza kuchukua mamia ya mistari midogo.

Pale ambapo kovu limeshikamana, daktari hulikata kwa chini kwa sindano, na shahamu inayowekwa huzuia lisishike tena. Mara nyingi ngozi ya juu ya kovu huwa laini zaidi baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walieleza kuwa shahamu ina seli za asili zenye uwezo wa kugeuka seli za aina nyingine, na huenda hizo zina mchango katika ulaini huo.

Kinachobaki na kinachopotea

Mgonjwa anapaswa kuambiwa ukweli kabla ya kusaini fomu ya ridhaa: sehemu ya shahamu iliyopandwa itapotea. Tafiti hutofautiana sana, na kiasi kinachobaki hutajwa kuwa kati ya asilimia 30 na 70. Wiki mbili au tatu za mwanzo uso huvimba na kuonekana umejaa kupita kiasi, kisha hupungua. Umbo la kudumu huonekana baada ya miezi 3 hadi 6. Wengi huhitaji kurudia mara ya pili, na wengine mara ya tatu. Asiyeambiwa hili hudhani upasuaji umeshindwa.

Shahamu iliyoshika hufuata mwili. Mgonjwa akinenepa sana nayo hukua, akikonda nayo hupungua. Kwa hiyo aliyedhoofu baada ya kulazwa muda mrefu apate kwanza lishe na arudishe uzito wake.

Nani anafaa, na lini

Anafaa mtu ambaye jeraha limefunga, hana usaha, mifupa imekaa sawa, na kovu limetulia. Kwa kawaida husubiriwa miezi 6 au zaidi tangu kupona. Kisukari kidhibitiwe kwanza. Mvutaji wa sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu tumbaku hubana mishipa ambayo tone la shahamu linaisubiri. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua amweleze daktari, hata kama matundu ya upasuaji huu ni madogo.

Hatari zake

Michubuko na uvimbe ni kawaida. Usaha, vinundu vigumu, pande zisizolingana na mabonde mahali shahamu ilipotolewa hutokea mara chache zaidi. Hatari kubwa, ingawa ni adimu, ni shahamu kuingia ndani ya mshipa wa damu karibu na pua au nyusi na kuziba damu ya jicho au ya ubongo. Mgonjwa anayepata ghafla maumivu makali ya jicho, upofu, ngozi kuwa nyeupe au madoadoa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni wa dharura ya dakika hiyo.

Kwa sababu hiyo, upasuaji huu si wa saluni wala wa nyumbani. Asikubali mtu yeyote kudungwa usoni silikoni, mafuta ya kupikia au ya kujipaka. Vitu hivyo haviishi mwilini. Huleta uvimbe na vidonda, na kuviondoa baadaye ni kazi ngumu.

Wajibu wa anayempokea majeruhi

Mhudumu wa zahanati huanza na njia ya hewa, hasa taya linapokuwa limevunjika, kisha damu, kichwa na shingo. Baada ya hapo, yafuatayo huamua daktari bingwa atakuta nini.

Asafishe jeraha kwa maji mengi na kuondoa changarawe zote, kwa kuwa zinazobaki huacha weusi wa kudumu. Asikate nyama kwa kuiona imepondeka, maana uso una damu nyingi na kipande kinachoning'inia mara nyingi hupona. Kwa sababu hiyo hiyo, jeraha safi la uso huweza kusubiri saa kadhaa ili lishonwe na mwenye ujuzi, kwa uzi mwembamba. Nyuzi za usoni hutolewa karibu na siku ya 5. Atoe kinga ya pepopunda. Jeraha la kung'atwa na mbwa au fisi lioshwe kwa sabuni na maji dakika 15, na chanjo ya kichaa cha mbwa ianze.

Apime uwezo wa kuona wa kila jicho. Ganzi ya shavu au mdomo, kuona viwili viwili na meno kutokutana ni dalili za mfupa uliovunjika. Rufaa ya siku hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu mifupa ya uso hurudishwa kwa urahisi katika wiki 2 za kwanza. Fomu ya polisi namba 3 ijazwe, lakini tiba ya kuokoa maisha isingoje karatasi.

Safari ya rufaa

Kutoka zahanati, mgonjwa hupitia hospitali ya wilaya kama Kiomboi, au hospitali za mashirika ya dini kama Makiungu na Mtakatifu Gaspar ya Itigi, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Walio Mkalama wako karibu na Haydom, mkoani Manyara. Juu ya hapo ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, na kisha hospitali kubwa kama KCMC, Bugando na Muhimbili. Mganga anayeandika rufaa aulize kwanza kwa simu ni wapi bingwa wa upasuaji rekebishi anapatikana na siku gani, kwani nauli ya kwenda bure humkatisha mgonjwa tamaa.

Barua ya rufaa itaje tarehe ya jeraha, upasuaji uliokwisha kufanyika na kasoro ya utendaji: jicho lisilofumba, mdomo usiofunguka, kovu linalovuta. Maelezo hayo humsaidia pia mgonjwa anapouliza bima yake, kwa maana kurekebisha jeraha si urembo. Mgonjwa achukue picha za mionzi na picha yake ya kabla ya ajali, hata ya kitambulisho, ili daktari aone umbo analolirudisha.

Kwa aliyeumia miaka mingi iliyopita, muda haujapita. Kovu lililotulia ndilo linalofaa kwa kazi hii. Na kwa mpanda pikipiki, kofia ngumu inayofunika hadi kidevu ni bora kuliko ya nusu kichwa, ambayo huuacha uso wazi mbele ya lami.