Saratani ya kinywa: Daktari wa meno aweza kuigundua mapema

WAKAZI wengi wa Kitui na Makueni huenda kwa daktari wa meno siku moja tu: ile ambayo jino limewanyima usingizi. Mgonjwa hufika asubuhi, hudungwa sindano ya ganzi, jino hung'olewa, naye huanza safari ya kurudi nyumbani kabla midomo haijarejewa na hisia. Katika dakika hizo chache kinywa huwa wazi chini ya taa, na hiyo ndiyo nafasi bora ya kutafuta ugonjwa mwingine ulio hatari kuliko jino bovu.

Saratani ya kinywa hushika midomo, ulimi, fizi, mashavu kwa ndani, kaakaa na sakafu ya mdomo. Tofauti na saratani nyingi ambazo hujificha ndani ya mwili, hii hutokea mahali panapoonekana kwa macho. Haihitaji mashine ya mamilioni ya pesa kuitambua. Ajabu ni kwamba wagonjwa wengi humfikia daktari wakati uvimbe umekwisha kuenea hadi kwenye tezi za shingo.

Katika eneo la Ukambani, neno saratani huwakumbusha watu mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Tangu hapo wakulima wamefunzwa kuwa sumu hiyo huharibu ini na yaweza kuleta saratani ya ini. Kinywa hakijatajwa sana, ijapokuwa mwaka wa 2022 pekee saratani ya midomo na kinywa iliwapata watu wapatao 390,000 duniani na kuwaua takriban 188,000.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika tano hivi na hauna uchungu. Daktari huvaa glavu, hutazama uso na midomo, kisha huvuta mashavu kwa kioo kidogo. Humwomba mgonjwa atoe ulimi, akaushika kwa kipande cha chachi na kuugeuza huku na huku, maana pembeni mwa ulimi na chini yake ndipo ugonjwa hupenda kuanzia. Hutazama kaakaa na nyuma ya koo, hupapasa sakafu ya mdomo kwa vidole, na mwisho hupapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Mwenye meno bandia hutakiwa kuyatoa kwanza.

Kinachotafutwa ni doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, kidonda ambacho hakijapona baada ya majuma mawili, uvimbe mgumu, au ganzi isiyo na sababu. Doa jekundu ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba dalili hizi mwanzoni haziumi, na asiyeumwa haoni haja ya kupanga foleni hospitalini.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa. Uvimbe wa fizi waweza kulegeza jino, mgonjwa akadhani ni jino bovu na kuomba ling'olewe. Pengo likikataa kupona kwa majuma kadhaa, halifai kusukutuliwa kwa maji ya chumvi tu. Mgonjwa apaswa kurudi hospitalini bila kukawia.

Chanzo kikuu ni tumbaku, iwe ya kuvutwa, ya kutafunwa au ugoro unaotiwa chini ya mdomo. Wazee wengi huuona ugoro kuwa hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi, dhana ambayo sayansi imeikanusha kitambo. Pombe nayo ina hatari yake, na anayetumia vyote viwili hujiongezea hatari maradufu. Kuber, ambayo vijana huibandika ndani ya mdomo, ni tumbaku vilevile.

Kuhusu miraa na muguka, mambo hayajawa wazi hivyo. Watafiti wa Kenya waliochunguza wakazi wa Githongo, Meru, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1995, waliona uhusiano mkubwa kati ya madoa meupe ya kinywani na uvutaji wa sigara pamoja na kiraiku, tumbaku inayosokotwa kwa mkono. Kwa miraa uhusiano wa namna hiyo haukudhihirika. Hata hivyo, anayetafuna muguka huku akivuta sigara hana cha kujivunia katika matokeo hayo.

Je, kutazama vinywa huokoa maisha? Jibu bora zaidi lilitoka Kerala, India, ambako wahudumu wa afya waliopewa mafunzo walikagua vinywa vya watu wenye umri wa miaka 35 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vilipungua kwa asilimia 34. Kwa wasiotumia vitu hivyo, faida haikuonekana. Ndiyo maana ni busara kuanza na wavutaji, walevi na watumiaji wa ugoro badala ya kumkagua kila mtu.

Lakini kuona doa si kutibu. Sharti kipande kidogo cha nyama kikatwe na kupelekwa maabara, na ikithibitika kuwa ni saratani, mgonjwa ahitaji upasuaji na pengine matibabu ya miale, ambayo kwa wengi humaanisha safari ya Nairobi. Kwa mtu wa Kyuso au Mutomo, nauli na malazi pekee yaweza kumfanya akate tamaa. Hapo ndipo kaunti zina kazi: doa likigunduliwa Wote au Mwingi, mgonjwa aondoke na barua ya rufaa, tarehe ya miadi na mtu wa kumfuatilia.

Kwa sasa, anayekwenda kung'oa jino aweza kumwambia daktari ni miaka mingapi amevuta sigara au kutumia ugoro, kisha amwombe autazame ulimi na mashavu kabla ya kuidunga ile sindano.