Joto Kitandani, Hewa Chumbani: Kupanga Upya Chumba cha Kulala Ufipa

Usiku wa mwezi Juni hauhitaji kipimajoto kumkumbusha mkazi wa Sumbawanga kwamba mji wake uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jua likishazama nyuma ya vilima, baridi ya uwanda wa Ufipa hupenya kwenye bati, kwenye sakafu na kwenye mifupa ya wazee. Katika nyumba nyingi za tofali za kuchoma, maandalizi ya kulala hufanana: dirisha hufungwa, matambara husokomezwa chini ya mlango, matundu ya hewa yaliyo karibu na paa huzibwa kwa magunia, na jiko la mkaa lililomaliza kuivisha ugali huingizwa chumbani ili mama, watoto na bibi walale kwa joto.

Mpangilio huo huongozwa na upendo, na ndani ya upendo huo umo hatari ambayo familia haiioni.

Gesi isiyo na harufu

Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Kaa jekundu lisilofuka moshi, ambalo wengi huamini kuwa limekwisha kuwa salama, huendelea kuitoa. Gesi hiyo ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hunyimwa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea. Aliyelala huenda asiamke. Mtoto aliye tumboni mwa mama yake naye hudhurika.

Wengi hueleza kwamba maana ya jina Sumbawanga ni “tupa uchawi”. Maana hiyo inafaa kukumbukwa hapa. Watu wa nyumba moja wanapokutwa wamekufa vitandani, pasipo jeraha wala dalili ya ugomvi, ni rahisi minong’ono ya mtaa kumtafuta mchawi, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni kikongwe asiye na mtetezi. Kuieleza gesi hii kwa lugha inayoeleweka huokoa wanaolala chumbani, na huenda kukamwokoa pia jirani asiye na hatia.

Mhudumu wa afya anayepokea watu wawili au zaidi wa nyumba moja, wote wakiumwa kichwa na kutapika asubuhi ya baridi, aulize mapema walilala na nini chumbani. Asitegemee kipimo cha oksijeni cha kidoleni peke yake, kwa kuwa kipimo cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo. Namba inaweza kuridhisha ilhali mgonjwa yu hatarini. Hatua ya kwanza ni kumtoa mgonjwa kwenye hewa safi, kisha kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa bila kuchelewa.

Hewa iliyofungiwa na kifua kikuu

Hata pasipo jiko, chumba kilichozibwa kina adha yake. Vimelea vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mwaka 1882, husafiri hewani mgonjwa wa mapafu anapokohoa au kuzungumza, na huelea kwa saa kadhaa mahali ambapo hewa haibadiliki. Watoto watatu wanaolala chumba kimoja na babu anayekohoa huvuta hewa ile ile usiku kucha.

Dawa ya hali hiyo si lazima iwe ya gharama. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, nchini Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya vyumba mara nyingi zaidi kuliko mitambo ya kuingiza hewa, na kwamba majengo ya kizamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yaliwakinga watu vizuri zaidi.

Hata hivyo, baridi nayo haipaswi kudharauliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu makazi na afya, wa mwaka 2018, unapendekeza nyuzi joto 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba katika majira ya baridi. Baridi hupandisha shinikizo la damu na kuwaelemea wenye maradhi ya kifua. Florence Nightingale alilitambua fumbo hili tangu mwaka 1859, alipoweka mbele ya kazi zote za muuguzi jukumu la kuhakikisha mgonjwa anapata hewa safi kama ya nje bila kupigwa na baridi. Jibu lake linafaa Ufipa leo: joto litunzwe mwilini na kitandani, hewa iachwe ipite chumbani.

Kupanga upya, hatua kwa hatua

Kazi huanza juu. Matundu ya hewa yazibuliwe na kuwekewa wavu wa mbu, yasifungwe tena. Yakiwa juu ya vichwa vya waliolala, hewa chafu yenye uvuguvugu hupanda na kutoka bila upepo kumpiga mtu. Anayejenga au kukarabati aweke matundu katika kuta mbili tofauti. Dari, hata ya mbao za kawaida, hupunguza joto linalopotea kupitia bati; muhimu ni kwamba matundu yabaki wazi chini yake.

Kitanda kihamishwe kutoka mkabala wa dirisha na kisigusane na ukuta wenye unyevu. Anayelala chini ainuliwe kwa chaga au mkeka mzito chini ya godoro, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili. Blanketi mbili nyepesi huhifadhi joto vizuri, kwa sababu ya hewa inayobaki kati yake. Mzee avae soksi na kofia. Mtoto mchanga akumbatiwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mama akiwa macho; anapolazwa, uso wake usifunikwe.

Kuta zikipakwa chokaa nyeupe, mwanga mdogo wa dirisha huenea chumba kizima, na ukungu hupata shida kuota. Rangi ya dukani ichaguliwe ile isiyo na madini ya risasi, na rangi ya zamani ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa ili watoto wasivute vumbi lake. Pazia liwe jepesi, la kufulika. Asubuhi dirisha lifunguliwe wazi, na matandiko yaanikwe juani.

Chandarua kibaki mahali pake. Mbu ni wengi zaidi bondeni kuliko uwandani, lakini familia za Ufipa hushuka Ziwa Rukwa na Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa biashara na uvuvi, na malaria hupanda nao.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa apewe, inapowezekana, chumba chenye dirisha la nje. Vyombo vyake havihitaji kutengwa, wala yeye mwenyewe hastahili kutengwa na mazungumzo ya familia. Uwezo wa kuambukiza hupungua haraka dawa sahihi zinapotumika. Watoto wa nyumba hiyo wapelekwe kituoni kuchunguzwa na kupewa dawa za kinga.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuyakagua haya kwa dakika chache, akiomba kwa heshima kuonyeshwa mahali familia inapolala. Je, jiko hulala wapi? Hewa huingia na kutokea wapi? Nani analala karibu na anayekohoa? Jiko likikutwa chumbani, asiondoke kabla ya kusaidia familia kutafuta kitakachochukua nafasi yake usiku huo, iwe ni blanketi la kuazima kwa jirani au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga. Akiamuru tu jiko litolewe, saa nane za usiku, baridi ikizidi, litarudishwa.