Dawa ya Minyoo si ya Watoto Peke Yao

Mhudumu wa afya akibisha mlangoni na vidonge vya minyoo, wewe humwambiaje? Mimi nilimwambia, “Dada, watoto wako shule,” nikarudi kwa simu yangu. Kumbe mteja alikuwa mimi.

Watu wa pwani wanaijua safura. Damu inapungua, macho yanapauka, ukipanda kilima kidogo tu unahema, halafu watu wanakuita mvivu. Anayeileta ni mnyoo wa sentimita moja hivi. Anauma utumbo na kunyonya damu. Mtu akijisaidia kichakani, mayai yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na mchanga wa huku yanaupenda. Wewe ukipita miguu mitupu, vijidudu vinapenya ngozi. Huhisi kitu.

Miaka ya 1920, Kwale hii ikiwa chini ya Wilaya ya Digo, serikali ya kikoloni ilifanya kampeni dhidi ya safura. Watu walinyweshwa kaboni tetrakloridi. Ndiyo, kemikali iliyotumika pia kusafishia nguo bila maji na kuzimia moto! Iliua minyoo, ila ni sumu kwa ini. Pia walihimizwa wachimbe vyoo vya shimo, maana ukitibiwa leo na kesho ukanyage udongo uleule mchafu, umerudi pale pale.

Karibu miaka 100 baadaye, watafiti wakaja tena Kwale. Utafiti wa TUMIKIA, kati ya 2015 na 2017, ulilinganisha maeneo. Palipopewa dawa watoto pekee mara moja kwa mwaka, walioambukizwa walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipopewa kila mtu mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Sababu ni rahisi: mnyoo huyu hupenda kukaa kwa watu wazima. Mtoto anameza dawa shuleni, sisi tunamrudishia minyoo nyumbani.

Na siku hizi hunyweshwi kemikali ya kufulia. Ni kidonge kimoja, unatafuna, basi.

Kwa hivyo kuanzia Diani hadi Msambweni, ukibishiwa, fungua mlango, umeze. Na kama ploti yenu haina choo cha maana, usinyamaze. Msumbue mwenye nyumba, kisha MCA wako. Dawa bila choo ni kufagia huku upepo unavuma.